Walio na sufuri wameenda wapi kwenye ripoti?

KWA MHARIRI,

Mwezi ukiisha, vyama vya ushirika vya maziwa kule Njoro na Molo, saco za Kisumu na ofisi za wadi kutoka Vihiga hadi Nakuru huchapisha orodha zao. Na mwezi ukiisha, hakukosekani watu ambao majina yao hayamo. Mwanachama akienda dirishani kuuliza, anajibiwa kwamba sistimu imemtoa. Sistimu haina kinyongo na mtu. Mara nyingi aliyemtoa ni sharti moja lililoandikwa mahali pasipofaa katika kwiri ya SQL, yaani swali ambalo hifadhidata huulizwa kwa lugha yake. Sisi tunaoshinda na hifadhidata tumelikuta kosa hili mara nyingi mno, basi tumeona tulieleze hapa kwa makarani na vijana wa kompyuta wanaoandaa ripoti hizo, pamoja na mameneja wanaozipiga mhuri bila kuzihesabu.

Hifadhidata ya ushirika, hata iwe ndogo vipi, huwa na majedwali kadhaa. La wakulima lina mstari mmoja kwa kila mwanachama. La maziwa lina mstari kwa kila mara maziwa yalipopimwa. Ukiyaunganisha kwa JOIN ya kawaida unapata wale tu walio pande zote mbili. Asiyeleta maziwa haonekani, na hilo si kosa, ndiyo kazi yake. Ukitumia LEFT JOIN, ambao ni muunganisho wa nje, kila mstari wa jedwali lililotajwa kwanza sharti utoke, uwe na mwenzake au usiwe naye. Usio na mwenzake hujaziwa NULL upande wa pili. NULL si sufuri, wala si neno tupu. Maana yake ni kwamba hapo hakuna kinachojulikana, na shida zote tutakazozitaja zinaanzia kwenye maana hiyo.

Tuseme meneja anataka orodha ya wanachama wote na lita zao za Juni. Karani anaandika (w na m ni vifupisho vya wakulima na maziwa, na SUM hujumlisha):

SELECT w.namba, w.jina, SUM(m.lita)
FROM wakulima w
LEFT JOIN maziwa m ON m.namba = w.namba
WHERE m.tarehe >= '2025-06-01'
AND m.tarehe < '2025-07-01'
GROUP BY w.namba, w.jina

Kompyuta inakubali, hailalamiki, na karatasi inatoka safi. Sasa chukua wanachama watatu. Nambari 101 alileta maziwa Mei na Juni. Nambari 102 alileta Mei tu, kisha akamkausha ng'ombe wake anayekaribia kuzaa. Nambari 103 amejiunga juzi na hajaleta hata tone. Hifadhidata inaanza na ON, sharti la kuunganisha majedwali: 101 anapewa mistari yake ya Mei na Juni, 102 mistari yake ya Mei, na 103 mstari mmoja wenye NULL upande wote wa maziwa. Mpaka hapo kila mtu yupo. Kisha WHERE inaingia na ungo wake. Mistari yote ya Mei inapepetwa nje. Mstari wa 103 unaulizwa kama NULL ni sawa na tarehe 1 Juni au baada yake, na jibu si ndiyo wala si hapana, ni "haijulikani". WHERE hupitisha ndiyo peke yake. Anayesalia ni 101. Kwenye kwiri pameandikwa LEFT JOIN, lakini kilichotendeka ni JOIN ya kawaida.

Wengi wakishituka hukimbilia kuyafunga masharti hayo kwa mabano na kuongeza OR m.tarehe IS NULL. Dawa hiyo tunaiogopa kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu inaponya nusu. Nambari 103 anarudi, kwa kuwa mstari wake ni NULL kweli. Lakini 102 je? Yeye alikwisha kupata mwenzake kwenye ON, mistari ya Mei, kwa hivyo hakujaziwa NULL. Na mistari hiyo ya Mei haina tarehe ya Juni. Haingii kwa mlango wa kwanza wala wa pili. Karani anaona watu wasio na maziwa wamerudi kwenye orodha, anatulia, na mkulima aliyekausha ng'ombe anapotea kimya kimya mwezi hadi mwezi.

Sharti linalohusu jedwali la kulia likae kwenye ON:

LEFT JOIN maziwa m
ON m.namba = w.namba
AND m.tarehe >= '2025-06-01'
AND m.tarehe < '2025-07-01'

Hapo mistari ya Mei inakataliwa kabla ya kuunganishwa, 102 anabaki bila mwenzake, anajaziwa NULL kama 103, na wote watatu wanatoka. Sharti la jedwali la kushoto ni kinyume chake. Ukitaka wanachama wa kituo cha Elburgon peke yao, w.kituo = 'Elburgon' iende kwenye WHERE. Ukiibandika kwenye ON haitamchuja mtu: wanachama wa vituo vingine watatoka wote, ila wataonekana kana kwamba hawakuleta maziwa. Hebu fikiria orodha hiyo ikibandikwa ukutani.

Tumeandika "chini ya 1 Julai" kwa makusudi badala ya BETWEEN hadi tarehe 30 Juni. Safu ya tarehe ikiwa na saa ndani yake, '2025-06-30' husomwa kama saa sita usiku, tarehe 30 inapoingia. Maziwa ya asubuhi na ya jioni ya siku hiyo yatabaki nje, na mkulima atapunjwa siku nzima.

Anayetilia shaka haya hana haja ya kutuamini. PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata kama MySQL na SQLite, ina amri ya EXPLAIN, nayo huonyesha jinsi kwiri itakavyotekelezwa. Kwiri ya kwanza hapo juu itatolewa mpango unaosema, kwa mfano, Hash Join. Iliyosahihishwa itasema Hash Left Join au Hash Right Join. Injini yenyewe imeona kwamba WHERE inazikataa NULL zote, ikaushusha muunganisho wa nje kuwa wa ndani bila kumwambia mtu. Kwenye MySQL, endesha EXPLAIN kisha SHOW WARNINGS mara moja. Utaiona kwiri ilivyoandikwa upya, na lile neno left limeondoka.

Orodha ikishakamilika, tazama namba zenyewe. SUM ya mtu asiye na maziwa ni NULL, si 0, na kwenye karatasi itatoka pengo. Andika COALESCE(SUM(m.lita), 0), inayoweka 0 mahali pa NULL. Kuhesabu ndiko kunakochekesha zaidi: COUNT(*) huhesabu mistari, na mtu asiyeleta chochote ana mstari mmoja, ule wa NULL, basi ataandikiwa kwamba alileta maziwa mara 1. Tumia COUNT(m.id), nayo haihesabu NULL, apate 0 yake halali. AVG, ya kutafuta wastani, nayo huziruka NULL. Ukitaka wastani wa lita kwa kila mwanachama, wakiwemo wasioleta, jumlisha kwanza kwa kila mtu, weka COALESCE, ndipo utafute wastani. Ukikosa kufanya hivyo, wastani wa chama kizima utakuwa wa wale wenye bahati.

Hadi hapa tumezungumzia watu wanaopotea. Kosa la pili ni la kuzidisha, na hili huleta mahakama ya kijiji. Karani anataka lita na makato katika ripoti moja, kwa hivyo anaunganisha wakulima na maziwa, halafu papo hapo anaunganisha na makato ya chakula cha ng'ombe kilichochukuliwa stoo kwa mkopo. Mkulima aliyeleta lita 8 kila siku kwa siku 30 ana mistari 30 ya maziwa na lita 240. Amekopa mara 3, jumla shilingi 4,500. Majedwali hayo mawili hayajuani, yanamjua mkulima tu, kwa hivyo kila mstari wa maziwa unakutanishwa na kila mstari wa makato: 30 mara 3, mistari 90. Ripoti inasema lita 720 na makato ya shilingi 135,000. Maziwa yamezidishwa mara 3, deni mara 30. Mwenye mkopo mmoja tu lita zake zitatoka sawa, deni lake ndilo litakalovimba, na hivyo kosa linaonekana kama la watu wachache wenye "matatizo yao".

Kuna wanaotibu hili kwa SUM(DISTINCT m.lita). Tafadhali msifanye. DISTINCT huondoa thamani zinazofanana, na mkulima wetu aliyepima lita 8 siku zote 30 ataandikiwa lita 8 kwa mwezi mzima. Jumlisha kila jedwali peke yake kwanza, kwa kwiri ndogo iliyo ndani ya mabano, ili kila moja ibaki na mstari mmoja kwa kila mkulima, ndipo uziunganishe zote mbili na jedwali la wakulima kwa LEFT JOIN.

Njia ya kukamata makosa haya yote mawili ni ile ile, na haihitaji digrii. Hesabu mistari ya jedwali la kushoto kabla ya kuunganisha chochote. Ongeza LEFT JOIN moja, bila WHERE, hesabu tena. Ongeza ya pili, hesabu. Kisha ingiza masharti, moja moja, ukihesabu kila mara. Wanachama tofauti, yaani COUNT(DISTINCT w.namba), wakipungua baada ya sharti la jedwali la kulia, sharti hilo limekaa vibaya. Mistari ikiongezeka baada ya kuunganisha, upande wa kulia una zaidi ya mstari mmoja kwa kila mtu. Amua kama ulikusudia hivyo. Anayeandika kwiri yote ya mistari 40 kwa mpigo kisha akaanza kutafuta kosa anajitesa bure.

Kwa ripoti za wadi hesabu ni rahisi zaidi, kwa sababu idadi inajulikana na kila mtu. Kisumu ina wadi 35, Vihiga 25, Kakamega 60, Nakuru 55. Ripoti ya kaunti ya Kisumu ikitoka na mistari 31, wadi nne zimemezwa, na huenda ni zile ambazo hazikupata hata basari moja, hasa zile anazopaswa kuziona msomaji. Hapa jedwali la kushoto ni lazima liwe la wadi zenyewe, si la maombi ya basari. Muunganisho wa nje hauwezi kumtoa mtu ambaye hayumo katika jedwali lolote. Hivyo hivyo kwa siku: ukitaka siku ambazo kituo hakikupokea maziwa zionekane, tengeneza jedwali la tarehe, tarehe 1 hadi 30, uliweke kushoto. PostgreSQL hukutengenezea tarehe hizo kwa generate_series. Kwenye hifadhidata nyingine, ziandike mara moja uzihifadhi.

Kuna hitilafu nyingine ambayo LEFT JOIN huificha vizuri kuliko JOIN. Jedwali moja lina nambari ya mwanachama 0047 kama maneno, lingine limepitia Excel likarudi na 47. Au nambari za simu upande mmoja zinaanza na 07, upande wa pili 2547. Au "Nyando" ina nafasi tupu mwishoni ambayo jicho halioni. Kwa JOIN ya kawaida ungepata karatasi tupu, ukashtuka. Kwa LEFT JOIN unapata orodha kamili ya wanachama, kila mtu na sufuri yake, na mtu anaweza kuamini kwamba mwezi ulikuwa mbaya kwa sababu ya kiangazi. Kipimo chake ni kugeuza: weka maziwa kushoto, wakulima kulia, uliza mistari ya maziwa isiyo na mkulima.

SELECT m.namba, COUNT(*)
FROM maziwa m
LEFT JOIN wakulima w ON w.namba = m.namba
WHERE w.id IS NULL
GROUP BY m.namba

Kwa kawaida jibu liwe tupu. Likirudi na kitu, hayo ni maziwa yasiyo na mwenyewe, na ukizitazama nambari zenyewe utaona mara moja zimeharibika vipi. Hapa IS NULL kwenye WHERE ni sahihi, kwa kuwa unawatafuta wasio na mwenza. Ila ipime safu isiyoweza kuwa NULL kwa asili yake, yaani ufunguo mkuu wa jedwali. Ukipima safu kama w.simu, mkulima halali asiye na simu naye atahesabiwa kuwa hayupo. Kabla ya kuunganisha, safisha kwa TRIM, inayokata nafasi tupu za mwanzoni na mwishoni, na nambari za simu zigeuzwe ziwe za mtindo mmoja zikiwa bado mlangoni, zinapoingizwa, si kwenye kila ripoti. Na jambo hili: PostgreSQL hutofautisha "NYANDO" na "Nyando", MySQL kwa mpangilio wake wa kawaida haitofautishi. Kwiri iliyofanya kazi ofisi moja inaweza kutoa sufuri tupu katika ofisi jirani.

Wanaotumia NOT IN kutafuta wasioleta maziwa, nao wajihadhari. Ikiwa ndani ya orodha ya NOT IN kuna NULL moja tu, tuseme kipimo kimoja kilichoingizwa bila nambari ya mkulima, jibu zima linakuwa tupu. Meneja ataambiwa wote wameleta. NOT EXISTS haina udhaifu huo.

Mnyororo wa majedwali nao una mtego. Wakulima LEFT JOIN maziwa, halafu JOIN ya kawaida kwenda jedwali la magari ili kuona gari lililobeba maziwa. Asiyeleta maziwa ana NULL mahali pa gari, NULL hailingani na gari lolote, na JOIN hiyo ya mwisho inamtupa nje baada ya LEFT JOIN kumhifadhi. Ukishaanza na LEFT, endelea na LEFT kwa kila jedwali linaloning'inia kwenye lile la kulia. RIGHT JOIN ipo, lakini hatuoni sababu ya kuitumia: geuza mpangilio wa majedwali uandike LEFT, wanaokuja baada yako wasome upande mmoja tu.

Kuhusu kuomba msaada: kijana akikwama asitume orodha ya wanachama kwenye kundi la WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu pia makarani wa ushirika. Mistari mitatu ya kubuni, kama ile ya 101, 102 na 103, inatosha kuonyesha kosa lolote kati ya haya.

Limebaki la saco zinazolinganisha malipo ya M-Pesa na leja yao. Hapo panahitajika pande zote mbili: malipo yaliyoingia bila kuandikwa, na yaliyoandikwa bila kuingia. Kazi hiyo ni ya FULL OUTER JOIN, na PostgreSQL inayo. SQLite iliipata mwaka 2022, toleo la 3.39. MySQL haina. Kibaya zaidi, ukiandika FULL JOIN bila neno OUTER kwenye MySQL, inadhani FULL ni jina la utani la jedwali la kwanza. Ukiwa umeunganisha kwa USING badala ya ON, kwiri inapita bila kelele kama JOIN ya kawaida, na malipo yasiyo na mwenzake, yale uliyokuwa ukiyatafuta, hayaonekani kabisa. Andika sehemu mbili: leja LEFT JOIN malipo, kisha UNION ALL, inayoweka matokeo ya sehemu moja chini ya nyingine, kisha malipo LEFT JOIN leja yenye WHERE leja.id IS NULL. Iwe UNION ALL, si UNION, kwa maana UNION hufuta mistari inayofanana, na mwanachama aliyelipa shilingi 500 mara mbili siku moja ataonekana amelipa mara moja ikiwa hukuchagua nambari ya muamala miongoni mwa safu.

Wasimamizi wa hifadhidata,
Kisumu na Nakuru.